Ausonia si Pambo: Dhidi ya Uhakiki wa Mizani

Wako wahakiki wa ushairi wa Kilatini ambao, kila wanapokutana na jina Ausonia katika utendi wa Aeneid, hulipita kwa kueleza kwamba ni kisawe cha Italia kilichoteuliwa kwa ajili ya mizani na madoido. Maelezo hayo yamerudiwa mara nyingi hata yakachukuliwa kuwa kanuni. Hata hivyo, hayana mashiko, na madhara yake katika usomaji si haba.

Hoja ya mizani ndiyo dhaifu zaidi. Katika bahari aliyoitumia Virgil (70–19 K.K.), jina Italia kwa matamshi yake ya kawaida halingeingia, kwa kuwa silabi zake tatu za mwanzo zote ni fupi. Mshairi aliirefusha ile ya kwanza, na alifanya hivyo mapema, katika mstari wa pili wa utendi wake. Likisha kurefushwa, jina hilo huwa na silabi ndefu ikifuatwa na fupi mbili, kisha silabi ya mwisho. Na hilo ndilo umbo hasa la Ausonia. Majina yote mawili huanza kwa irabu na huishia kwa namna moja. Palipokaa Ausonia, basi, Italia nayo ingaliweza kukaa. Mshairi hakulazimishwa, alichagua.

Alichagua nini? Waausoni walikuwa taifa dogo lililokaa mpakani mwa Latium na Campania, karibu na mto Liris. Jina la Kilatini Aurunci lina asili ile ile, ila sauti s iliyo baina ya irabu iligeuka r. Livy, aliyeishi zama za Virgil, anasimulia katika kitabu cha 9 cha historia yake kwamba mwaka 314 K.K. miji yao mitatu, Ausona, Minturnae na Vescia, ilitiwa mikononi mwa Warumi kwa hiana ya vijana wa kikabaila wa miji hiyo hiyo. Mauaji hayakuwa na kikomo kwa kuwa makamanda hawakuwapo, na taifa hilo likafutwa, ilhali kosa lake la uasi halikuthibitika vyema.

Watetezi wa hoja ya madoido watajibu kwamba Virgil aliyarithi matumizi hayo kutoka kwa Wagiriki, kama vile Apollonius wa Rhodes, mshairi wa karne ya 3 K.K. Hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mgiriki alilitumia jina la watu asiokuwa na deni nao. Mshairi wa Roma alilitumia jina la watu waliofutwa na jeshi la Roma. Isitoshe, Virgil anayatumia maumbo yote mawili. Katika kitabu cha 7, Aurunci ni kabila moja miongoni mwa majeshi ya Turnus, na wazee wao ndio anaowataja Mfalme Latinus kuwa chanzo cha habari za Dardanus. Jina moja linabeba kabila na nchi nzima.

Uzito wake wadhihirika katika kitabu cha 12, Jupiter anapomwahidi Juno kwamba Waausoni watabaki na lugha na mila za baba zao, na Watroia ndio watakaomezwa. Ahadi hiyo yawahusu Waitalia wote. Lakini watu waliokuwa wenye jina hilo hasa ndio wasiobaki na lugha wala mila. Kama mshairi alikikusudia kinaya hicho au la, si jambo la kuthibitishwa. Kimo katika matini, na msomaji aliyekwisha kuambiwa kwamba neno ni pambo hatakiona.

Uhakiki wa Kiswahili nao waijua tabia hii: neno likionekana geni katika shairi, hudaiwa kuwa limeletwa na vina, na mjadala ukaishia hapo. Kanuni na igeuzwe. Mizani itajwe pale tu inapothibitika kwamba hapakuwa na neno jingine la kufaa. Pasipo uthibitisho huo, jina la taifa lisomwe kama jina la taifa.