PLASTIKI NA MOTO

Ndugu wafanyakazi wa Migori na Homa Bay,

Nyaya na swichi za kazini kwetu zimevikwa plastiki, na plastiki nyingi hushika moto upesi. Dawa ya kuzuia iko. Unga wa haidroksidi ya alumini uliochanganywa ndani yake, ukifikia joto la digrii 200 hivi, hutoa mvuke wa maji, na moto hupungua nguvu. Lakini baadhi ya dawa za bromini ni sumu. Mkataba wa Stockholm uliamua mwaka 2009 zikomeshwe.

Matajiri hupenda bei rahisi. Wa kuungua ni sisi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mwajiri atulinde. Basi tumwulize kwa sauti moja: plastiki hii ina dawa gani? Nasi tusichome nyaya kuukuu tupate shaba. Moshi wake watuua.

Umoja ni nguvu.