Mboga za Kugandishwa Zina Kosa Gani?

Makala inayodai kwamba anayejali afya hana cha kununua kwenye maduka ya Costco ila biskuti na soda imeishia mlangoni. Mwandishi angefika kwenye mafriza angekuta brokoli na bluberi zilizogandishwa, bila chumvi wala sukari ya kuongezwa. Brokoli hiyo hupitishwa kwenye maji moto na kugandishwa mapema baada ya kuvunwa. Kinyume chake, spinachi mbichi inayolala wiki nzima kwenye friji hupoteza vitamini C nyingi. Kwa mama aliyetoka zamu ya usiku, brokoli ya kugandishwa ni mboga ya dakika chache, haina kuosha wala kukata. Kuku wa kuokwa wa Costco wa dola 4.99 ana chumvi nyingi, hilo ni kweli. Lakini kama ni kulaumu, tulaumu ada ya uanachama: dola 65 kwa mwaka, mtu hajashika hata kitunguu.