Joka Lile Halikufa: Dhidi ya Huruma ya Msimamizi

Niseme wazi mapema ili tusipotezeane muda: msimamizi wa mchezo anayepunguza uhai wa joka katikati ya pambano ili wachezaji wake washinde, anawaibia. Najua neno ni kali. Nimelichagua makusudi, kwa sababu mwizi wa kwanza ninayemtaja hapa ni mimi.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye meza hizi, maelezo mafupi. Dungeons & Dragons ni mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mnakaa watu wanne, watano hivi. Mmoja ndiye msimamizi: yeye anakuwa dunia nzima, wenye maduka, mvua, mfalme, na maadui wote. Kila mmoja kati ya waliobaki anabeba mhusika wake: mpiganaji, mchawi, mponyaji, mwizi. Hadithi inasimuliwa kwa mdomo, na pale ambapo hakuna anayejua kama jambo litafaulu, inarushwa dadu, mara nyingi ile ya pande 20. Sisi tunaopenda fasihi tusijifanye hatuijui kitu hiki. Ni hadithi ya kibarazani, tofauti yake ni kwamba hata msimulizi hajui mwisho.

Au hapaswi kuujua. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa nasimamia mchezo wa Jumamosi jioni sebuleni kwangu. Wachezaji wanne, wahusika wa ngazi ya tano. Waliingia pangoni wakakutana na joka jeusi changa. Kitabu cha 2014 kinalipa joka hilo pointi 127 za uhai. Mambo yakawaharibikia mapema: mponyaji akaanguka, mchawi akabaki na pointi tatu. Wakajadiliana kwa haraka, wakaamua. Dada mmoja aliyekuwa anabeba mpiganaji alisema, "Nyie kimbieni na mgonjwa. Mimi nabaki mlangoni." Chumba kilinyamaza. Hakuna aliyegusa simu.

Nami nikaogopa. Alikuwa amemlea mhusika yule miezi minane. Ana ukoo, ana deni kijijini, ana mdogo wake anayemtafuta. Nikamwacha apige pigo moja zaidi, nikaangalia karatasi yangu, nikasema: "Joka linayumba... linaanguka. Limekufa!" Watu wakapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Wiki iliyofuata dada yule, ambaye kazi yake ni uhasibu, aliniuliza taratibu tukiwa tunapanga viti: "Kaka, lile joka lilikuwa na uhai kiasi gani? Maana mimi huwa naandika. Tulilipiga 86." Nikaanza kubabaika. Akatoa hesabu mwenyewe: zilibaki 41. Hakukasirika. Alisema tu, "Kumbe hatukulishinda. Ulituhurumia."

Tangu siku hiyo alicheza huku akisoma ujumbe kwenye simu. Ungemlaumu? Alikuwa amegundua kwamba maamuzi yake hayana uzito. Aliamua kufa ili wenzake wapone, na mimi nikaufuta uamuzi ule kama mwalimu anayefuta ubao kabla watoto hawajamaliza kunakili. Uamuzi ule ndio uliokuwa hadithi bora kuliko zote nilizowahi kusimamia. Niliuua mimi, joka halikuugusa.

Sasa, wapo watakaoniambia: tatizo lako ni hesabu. Ungelipima pambano vizuri tangu nyumbani usingefika huko. Hoja hii naiheshimu nusu. Vitabu vya mchezo vinatoa vipimo, na kila mnyama ana kiwango chake cha ugumu. Kwa kitabu cha 2014, kiwango kinamaanisha kwamba kundi la watu wanne wa ngazi hiyo, waliopumzika na wenye silaha za kutosha, wanaweza kumshinda adui huyo bila mtu kufa. Inapendeza kusoma. Tuijaribu.

Chukua goblini wanne, vile vijitu vidogo vyenye pinde. Kila mmoja ana thamani ya pointi 50, jumla 200. Kanuni ya 2014 inasema maadui wakiwa watatu hadi sita, zidisha mara mbili wakati wa kupima ugumu. Tunapata 400. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza, 400 ni mstari kamili wa daraja la juu kabisa, lile linaloitwa la kuua. Na unajua hadithi iliyouzwa mwaka huo huo kwenye boksi la wanaoanza, Lost Mine of Phandelver, inafunguaje? Kwa goblini wanne waliojificha kando ya barabara. Yaani mgeni anakaribishwa mchezoni kwa pambano ambalo kanuni zenyewe zinalihesabu kuwa la kuua.

Halafu njoo kwenye kitabu cha msimamizi cha 2024. Kule kuzidisha kumeondolewa na madaraja yamebaki matatu. Goblini wale wale wanne, pointi zile zile 200, sasa wanahesabiwa kuwa pambano la daraja la chini. Miaka kumi tu, na kilichokuwa cha kuua kimekuwa chepesi. Barabara ni ile ile na mishale ni ile ile. Kilichobadilika zaidi ni jedwali.

Sisemi waliotunga ni wajinga. Nasema jedwali haliwezi kujua kilichopo mezani kwako. Mchawi wa ngazi ya kwanza ana pointi saba au nane za uhai. Mshale wa goblini unachukua tano kwa wastani. Mishale miwili, mchawi yuko chini. Kama goblini wametangulia kupiga, basi kabla hujafungua mdomo kundi limebaki watu watatu dhidi ya wanne, na kila zamu inayopita wao wanapiga mara nyingi kuliko nyinyi. Lakini mchawi huyo huyo akitangulia na uchawi wake wa usingizi, vita imekwisha kabla ya chai kupoa. Dadu moja ya nani aanze inaweza kugeuza hesabu yote. Weka juu yake kundi lililolala vizuri na kundi lililotoka kupigana mara tatu bila kupumzika: joka moja, hatari mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo pima, ndiyo. Mimi bado napima. Mpishi anaonja mchuzi kabla ya kupakua. Ninachokataa ni kuingiza mkono kwenye sahani ya mgeni wakati anakula.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huwa inasemwa na watu wema: "Bwana, watu wamechoka. Wametoka kazini, foleni, bosi, kodi ya nyumba. Wanakuja kujifurahisha. Kwa nini mhusika wa miezi minane afe kwa sababu dadu imeangukia moja?" Naielewa, maana ndiyo iliyonisukuma siku ile. Jibu langu ni hili: kama meza yenu haitaki kifo, semeni kabla ya kuanza, kwa sauti, wote wasikie. Mkubaliane kwamba anayeanguka anatekwa, au anapoteza upanga wa baba yake, au kijiji kinaungua akiwa amezimia. Huo ni mkataba halali, na kushindwa kwake kunauma vilevile. Kinachoharibu mchezo ni kuwaambia watu kwamba kifo kipo, kisha ukakaa nyuma ya pazia ukikizuia kimyakimya. Mimi ni mwandishi wa habari. Nikiandika kwamba timu imeshinda mbili kwa moja wakati imefungwa, eti kwa sababu mashabiki wamechoka, nitafukuzwa kazi na nitakuwa nimestahili.

Na tusidanganyane kwamba ukali peke yake ndio dawa. Kuna wasimamizi wanaojisifu kwa idadi ya wahusika waliowazika, wakimtaja Gygax kama babu wa ukoo. Kweli, Gygax alikuwa na Tomb of Horrors, kaburi la mitego alilolipeleka kwenye mashindano ya Origins mwaka 1975 na likachapishwa 1978, na lilimeza watu wengi. Lakini kundi lililoingia mle lilijua linaingia kaburini. Msimamizi anayemuua mtu kwa mtego usio na dalili yoyote hana tofauti kubwa na mimi niliyeua joka kwa mdomo. Wote wawili tumeamua mwisho peke yetu, na mchezaji amebaki mtazamaji.

Haki ya pambano, kwa maoni yangu, haimo kwenye uzani wa pande mbili. Imo katika mambo matatu ambayo mchezaji anayo mkononi. Aweze kuona hatari kabla haijamfikia: mifupa mlangoni, wanakijiji wanaokataa kuongozana naye. Awe na njia ya kutoka. Na akishaamua, uamuzi wake uheshimiwe hadi mwisho. Matoleo ya zamani yalilijua hili kuliko tunavyokiri. Kanuni za msingi za 1981 zilimpa kila adui namba ya ujasiri, kati ya 2 na 12. Wenzake wakianza kuanguka, msimamizi anarusha dadu mbili. Zikizidi namba hiyo, adui anakimbia au anajisalimisha. Goblini naye ana roho. Pambano lilipungua ukali kwa sababu iliyomo ndani ya hadithi, kwa dadu iliyorushwa, na bila mtu kudanganywa.

Sisi tuliokua na Fumo Liyongo tusingepaswa kufundishwa hili. Shujaa aliyeshinda kila aliyemkabili aliuawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Pigano lenye usawa liko wapi hapo? Hata hivyo hakuna msimulizi aliyethubutu kumwokoa, na kwa sababu hiyo bado tunamwona amepiga goti kisimani na upinde wake, amekufa, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuchota maji. Mwokoe Liyongo ubaki na nini? Mtu mrefu mwenye upinde.

Au tazama bao. Kete zote ziko wazi mbele ya wachezaji wote wawili. Mzee anayemfundisha mjukuu anaweza kumwanzishia kwa mpangilio rahisi, na wote wanajua. Lakini hawezi kuzificha kete kwenye kiganja ili mjukuu ashinde. Mtoto akigundua siku moja, hataamini ushindi wake hata mmoja wa nyuma.

Sasa hivi mezani kwangu hakuna pazia. Dadu narusha kwenye sinia katikati ya meza, kila mtu anaona. Uhai wa adui nauandika kwenye karatasi, naikunja, naiweka chini ya kikombe cha mhasibu kabla pambano halijaanza; likiisha anaifungua. Mwezi uliopita mpiganaji wake alikufa kweli. Alikuwa na nafasi ya kukimbia, akaikataa, akarusha dadu tatu za kujinusuru na zote zikamkataa. Alikaa kimya kama dakika nzima. Kisha akainua kikombe, akafungua karatasi, akajumlisha.

"Zilibaki sita," akasema. Akaomba karatasi mpya ya mhusika, na mpaka saa tano usiku simu yake ilikuwa bado mkobani.

Wewe unayesimamia mchezo Jumamosi hii, pima unavyotaka nyumbani. Ukishafika mezani, toa mkono kwenye sahani za watu.