Sinema Chafu na Wasomi Wasafi

Wako wasomi miongoni mwetu ambao, wakisikia kuwa sinema fulani ina matusi, huiacha mlangoni kama viatu. Hawasemi imeungwa vibaya, wala hawasemi imeungwa vizuri. Husema ni chafu, na kwao shauri limekwisha. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliomba kuandika tasnifu juu ya vichekesho vya mapenzi katika sinema. Kamati ikamrudisha kwa hoja hiyo moja. Mimi nasema huo si uhakiki. Ni woga uliovaa kanzu ya heshima.

Nachukua mfano ambao wenzangu hawawezi kusema nimechagua ulio safi: There's Something About Mary, sinema ya ndugu wawili wa Marekani, Peter na Bobby Farrelly, iliyotoka mwaka 1998. Ilitengenezwa kwa dola milioni 23 hivi, ikaleta zaidi ya milioni 360 duniani kote. Wingi wa fedha si dalili ya ubora, najua; lakini ni dalili kwamba watu wengi walicheka, na kazi ya mhakiki ni kuuliza walicheka nini.

Tutazame mwanzo wake. Ted, kijana wa shule katika Rhode Island mwaka 1985, amekwenda kumchukua Mary waende dansini. Yumo msalani. Dirishani anaona ndege wawili wapendanao juu ya mti, naye anatabasamu. Ndege wanaruka, na nyuma yao panafunuka dirisha la Mary, ambaye yumo katika kuvaa. Msichana anamwona kijana akitabasamu. Kwa fadhaa Ted anavuta zipu ya suruali yake kwa nguvu, na zipu inambana pale ambapo hakuna mwanamume apendaye kubanwa. Baba wa kambo anakuja kutazama; anamwita mama; askari anachungulia dirishani; mzimamoto anaingia. Kila ajaye anataka kuona, na kila aonaye ni shahidi mwingine wa fedheha. Uchafu wenyewe ni mdogo. Kinachochekesha ni hesabu ya mashahidi.

Asiye na hatia ameonekana mwenye hatia: hiyo ndiyo nguzo ya jengo zima. Miaka 13 baadaye Ted anasafiri kwenda Miami kumtafuta Mary, akakamatwa na polisi. Amempakia mtu njiani; kumbe mtu yule ni muuaji, na begi lake lina maiti. Ted anadhani anaulizwa habari ya kupakia mtu, polisi wanauliza habari ya kuua, naye anakiri bila ya wasiwasi. Ni kichekesho kilekile cha zipu, kimevuliwa uchafu wote. Asemaye kuwa ndugu hawa hawana ila matusi, na atueleze sehemu hii inasimama juu ya nini.

Hata ile inayotajwa kuliko zote, Mary anapojipaka kichwani kitu alichodhani ni mafuta ya nywele, hainichekeshi kwa kile kitu. Hunichekesha kwa kimya cha Ted, ambaye angeweza kusema kweli na hathubutu.

Wenye hatia, kwa upande wao, wanaonekana safi. Mpelelezi Healy, aliyetumwa na Ted, anamtamani Mary, akamrudishia Ted uongo kwamba yule mwanamke yuko katika kiti cha magurudumu na ana watoto wengi. Kisha anajifanya msanifu wa majengo. Tucker anatembea kwa magongo, kumbe ni mzima, kazi yake kupeleka piza nyumba kwa nyumba. Na Ted? Ndiye aliyemtuma mpelelezi. Hatia yake ya kweli ni hiyo, nayo haina tone la uchafu. Anailipa kwa kumletea Mary mpenzi wake wa zamani aliyesingiziwa, kisha anakwenda zake akilia.

Sisemi haina dosari. Kumcheka jirani mzee Magda kwa mwili wake uliochomwa na jua ni kicheko rahisi, kisichojenga kitu. Dosari kubwa zaidi ni Mary mwenyewe. Ni daktari wa upasuaji wa mifupa, ni mwema, ni mzuri, na basi. Katika sinema ambayo aibu ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu, yeye peke yake amenyimwa aibu. Hilo ni kosa la sanaa, na wasomi wasafi hawakuliona kwa kuwa walikwisha kutoka chumbani.

Nashangaa zaidi nikikumbuka tulikotoka. Katika unyago mwari alifunzwa mambo ya unyumba kwa ngoma na nyimbo ambazo hazikuimbwa hadharani, na mtani husema mazishini lisilosemwa na mwingine. Nyimbo hizo tumeziandika madaftarini, tukaziita fasihi simulizi, tukapata shahada kwazo. Bibi akitamka ni urithi. Mmarekani akitamka ni uchafu.

Pendekezo la mwanafunzi yule lingali mezani kwangu, kurasa 12, na neno moja la kamati limeandikwa pembeni kwa wino mwekundu. Naomba lisomwe tena, safari hii mpaka ukurasa wa mwisho.