Spoila si Farumi

Spoila iliyo karibu zaidi na mji wa Lamu haiko kwenye gari. Iko ng'ambo ya mlango wa bahari, katika uwanja wa ndege wa Manda, na huonekana kwa sekunde chache tu kila ndege aina ya Dash 8 inapotua kutoka Nairobi. Magurudumu yakishagusa lami, vibao kadhaa huinuka ghafla mgongoni mwa mbawa na kusimama kama magamba ya samaki anayeparwa. Abiria wengi hudhani ni breki. Kazi yake ya kwanza ni nyingine: kuivunja nguvu ya hewa inayozibeba mbawa, ili ndege iache kuelea na uzito wake wote uyaangukie magurudumu. Hapo ndipo breki zenyewe hupata cha kushika. Jina spoila limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuharibu, na kinachoharibiwa ni huo mnyanyuo.

Nimeanzia Manda kwa sababu ya mpwa wangu. Ana Vitz ambayo, kama magari mengi ya Waamu, hulala Mokowe, upande wa bara, maana mjini kwetu njia ni za watu na punda. Amempata fundi wa boti za faiba, zile zinazovusha abiria wa ndege kutoka gati la Manda, na anataka amuundie bawa la nyuma: refu, lenye miguu miwili, lisimame juu ya mlango wa buti. Nikamuuliza la nini. Jibu lake nimelisikia Malindi, Mombasa na Nairobi, kwa vijana na kwa mafundi wenye mvi: "Mjomba, linakandamiza gari. Barabara ya Witu ina upepo, bila spoila gari linapepesuka."

Rai hii haikutoka hewani. Mwaka 1966 gari la mashindano la Kimarekani, Chaparral 2E, lilitokea uwanjani na bawa lililopachikwa juu ya nguzo mbili ndefu. Lilikuwa bawa la ndege lililopinduliwa: badala ya kunyanyua, likasukuma chini. Mwaka 1968 magari ya Formula 1 yakaiga. Mwaka 1969, katika mbio za Montjuïc nchini Hispania, mabawa ya magari mawili ya timu moja yalivunjika na madereva wote wawili, Graham Hill na Jochen Rindt, wakagonga. Kitu kisicho na nguvu hakivunjiki namna hiyo. Na sisi Wakenya tuna Safari Rally, iliyorudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 baada ya miaka 19, na magari yake yana mabawa makubwa nyuma. Kijana anayeyatazama yakiruka mavumbi ya Naivasha ana haki ya kuamini kwamba siri iko kwenye lile bawa.

Tatizo ni mwendo. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na kasi. Huongezeka kwa kasi mara kasi. Ukienda mara mbili, upepo unakusukuma mara nne. Ukipunguza mwendo kwa nusu, inabaki robo. Baharia anaijua hesabu hii bila kalamu: kusi ikizidi kidogo tu, tanga lile lile lililokuwa likivuta kwa upole linataka kuung'oa mlingoti.

Basi tulipime bawa la mpwa wangu. Lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20, yaani eneo la mita za mraba 0.24. Mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa takriban kilo 1.2. Tulifanyie hisani bawa lenyewe, tuseme limechongwa vizuri na linapata hewa safi, kwa hiyo kipimo chake cha ukandamizaji ni 0.8. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwendo wa mjini, litasukuma chini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo mbili na ushei. Kwa kilomita 80, mwendo ambao matatu haziruhusiwi kuuzidi, ni karibu kilo sita. Kwa 110 ni kilo 11. Kwa 160, mwendo ambao ukiujaribu kati ya Mokowe na Garsen utahitaji dua kuliko bawa, ni kilo 23.

Gari lenyewe lina uzito wa karibu kilo 1,000. Bawa la faiba pamoja na miguu yake na boliti halitapungua kilo tatu au nne, kwa hiyo likiwa mjini linalielemea gari kwa uzito wake kuliko kwa kazi yake.

Na hiyo ni hisani. Nyuma ya gari dogo lenye mkia uliokatwa wima, hewa haipiti kwa utulivu. Inajiachia kwenye ukingo wa paa na kuzunguka ovyo nyuma ya kioo. Bawa lililopandishwa katika hewa hiyo ya vurugu hupata nusu ya hesabu niliyoitoa, au chini ya hapo. Tena Vitz nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele. Uzito ukiwekwa nyuma kabisa, hata nyuma ya ekseli, unafanya kama mtoto mnene kwenye pembea ya ubao: unaipandisha pua. Magurudumu yanayovuta na yanayopiga kona ndiyo yanayopunguziwa mzigo. Na huo upepo wa Witu unaopepesua gari huja ubavuni. Bawa lililolala juu ya buti halina la kuuambia.

Sisi watu wa visiwa tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika hapa, kwa sababu tuna neno lake. Chombo kikiwa chepesi, kikiyumba, nahodha hutia farumi: mawe, mchanga, chochote kizito, chini kabisa karibu na mkuku. Farumi hufanya kazi chombo kikienda na chombo kikisimama. Spoila haifanyi kazi hadi upepo uwe mkali, na kwa upepo wa barabara zetu haijafikia hata farumi ya mtumbwi. Anayetaka gari lake lishike barabara aanze na matairi yasiyo na kipara, shokomzoba nzima na presha sahihi ya upepo ndani ya tairi. Hizo ndizo farumi za gari.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipuuza. Audi TT ilipotoka mwaka 1998 ilikuwa na mgongo wa mviringo, laini kama kobe, bila spoila. Madereva kadhaa nchini Ujerumani walipoteza usukani katika mwendo mkali, wengine wakafa, na kampuni ikayaita magari yarudi kuongezewa spoila ndogo nyuma pamoja na mtambo wa kompyuta wa kudhibiti uthabiti. Kwa hiyo spoila huokoa maisha? Ndiyo, kwenye barabara kuu za Ujerumani ambazo sehemu zake hazina kikomo cha mwendo, kwa gari ambalo umbo lake lilikuwa likijinyanyua kama bawa. Tena angalia walichoongeza: ukingo mdogo ulioikatiza hewa njiani, kama vile vibao vya Dash 8. Waliharibu mnyanyuo. Hawakupandisha bawa juu ya miguu.

Hapa ndipo wazee nao hukosea. Wao husema spoila yote ni urembo, ni ujana, ni kama kumvisha punda miwani. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hili kwa miaka mingi, hadi nilipoanza kutazama kwamba magari mengi madogo yenye mlango wa nyuma hutoka kiwandani na ukingo unaoendeleza paa kwa sentimita chache. Watengenezaji hawa hubania hata uzito wa skrubu. Hawaweki plastiki juu ya paa kwa ajili ya mapenzi.

Jawabu liko kwenye tezi, yaani nyuma. Watu wengi wanaamini kwamba upepo hupiganwa mbele: pua ikiwa kali kama kisu, gari litapita. Kwa gari dogo sehemu kubwa ya kazi iko nyuma, mahali hewa inapoachana na bodi. Mwaka 1984 mtafiti S. R. Ahmed na wenzake nchini Ujerumani walipima kiolezo cha gari kisicho na madoido, wakabadilisha mteremko wa nyuma peke yake. Sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa ilitoka nyuma. Mteremko wa nyuzi kama 12 ulipita vizuri kuliko yote. Mteremko ulipokaribia nyuzi 30, ukinzani ulipanda vibaya. Kabla yao, katika miaka ya 1930, Mjerumani Wunibald Kamm alishaonyesha kwamba si lazima gari liwe na mkia mrefu wa samaki: uteremshe mgongo polepole, kisha uukate mkia wima kwa ukingo mkali, nawe utapoteza kidogo sana.

Mwambie hayo fundi wa mashua wa Matondoni, hatashangaa. Mashua yake ina tezi iliyokatwa kwa ubao wima. Ikipakiwa sawasawa, maji huachana na ubao ule kwa usafi. Ikipakiwa vibaya, tezi ikazama, chombo huburuta bahari nyuma yake, na nahodha hulisikia jambo hilo mkononi kupitia usukani kabla hajaliona povu. Omo inaweza kuwa nzuri upendavyo. Anayekuchelewesha amekaa nyuma.

Kwa hiyo mpwa wangu aunde spoila, lakini si ile. Aunde ukingo wa kuendeleza paa. Na kabla ya kununua hata kopo moja la rezini, akate vipande vya uzi wa sufu vya urefu wa kidole, avibandike kwa selotepu juu ya ukingo wa paa na kioo cha nyuma, kisha rafiki amfuate kwa gari jingine huku abiria akipiga video. Uzi uliolala ukielekea nyuma unaonyesha hewa iliyoshikana na bodi. Uzi unaocheza na kusimama unaonyesha vurugu. Akishayaona hayo, abandike ukingo wa kadibodi ngumu, sentimita nane, kisha kumi, kisha kumi na mbili, wenye kuinama kidogo tu kufuata mteremko wa paa, na kila mara avitazame tena vile vipande vya uzi. Kadibodi ni rahisi, na haina haya ya kukuambia umekosea.

Kiolezo kikishapatikana, kazi ni ya boti. Povu gumu la kuchongwa, matabaka ya mkeka wa faiba na rezini, msasa, rangi. Fundi wetu ataifanya akiwa amefumba macho, ila kuna mahali pawili atakapotaka kunibishia. Atataka kuuviringisha ukingo wa mwisho, kwa kuwa mkono wake umezoea kuviringisha kila kona isimkate abiria. Hapana: ule ukingo uwe mkali, hewa ijue inapoachia, ukiwa wa mviringo, hewa huufuata na kushuka ovyo. Na atataka kuujaza uwe imara kama bodi ya boti. Asifanye hivyo, kwa maana mlango wa nyuma unashikiliwa na shoki za gesi zilizopimwa kwa uzito wake wa kiwandani. Ongeza kilo nyingi, na siku moja mlango utakushukia kisogoni ukitoa mboga.

Kuna na mambo madogo ambayo huharibu kazi kubwa. Ukingo wa mbele wa spoila uachiwe nafasi, la sivyo mlango ukifunguliwa utakwaruza paa. Taa ya tatu ya breki iliyo juu ya kioo isifunikwe. Gundi peke yake isitegemewe. Na kila tundu linalotobolewa kwenye bati lipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwa kuwa Mokowe hewa ina chumvi na bati lililotobolewa huanza kuliwa kabla hujamaliza kujisifu. Wapo watakaoshauri plastiki chakavu, wakikumbuka Flipflopi, jahazi lililoundwa Lamu chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda na kushushwa majini mwaka 2018. Ni kazi ya kujivunia. Lakini plastiki ile hutaka unene ili iwe na nguvu, na hutanuka juani. Jahazi linavumilia, ukingo wa sentimita kumi hauvumilii.

Faida itakuwa ndogo: kuokoa mafuta kidogo safari ndefu, na mkia uliotulia kidogo zaidi katika mwendo wa barabara kuu. Sijaona sababu ya kuahidi zaidi.

Na wewe msomaji ambaye bado unalitaka bawa la miguu miwili kwa ajili ya kukandamiza, jaribu hili kwanza. Watu wa Manda, kisiwa ambacho maji matamu yamekuwa taabu tangu zama za Takwa, wanaujua vizuri uzito wa dumu la lita 20. Lijaze, litie butini, lifunge lisicheze, uende Witu na kurudi. Utakuwa umebeba zaidi ya mara tatu ya kile ambacho bawa lile lingekupa kwa kilomita 80. Ukihisi gari limeshika barabara zaidi, nitamlipa fundi mimi mwenyewe.