Michezo ya ubongo kwenye simu: je, itamsaidia bibi asisahau?

Bibi anauliza swali lilelile mara tatu kabla chai haijapoa. Juzi alisahau sufuria ya maharage jikoni ikaungua. Mjukuu aliyeko Dar es Salaam anapiga simu: "Mama, mpakulie bibi mchezo wa ubongo, akili itachangamka." Familia nyingi za Lushoto, Soni na Mlalo sasa zina simu janja, na ushauri kama huu unasikika mara nyingi. Je, una ukweli?

Jibu fupi

Mchezo haumdhuru mzee, na akiufurahia, acha acheze. Lakini kwa kawaida anayecheza huwa hodari wa mchezo ule ule. Hilo halimfanyi akumbuke alipoweka dawa zake. Usitumie kwenye bando fedha ambayo ingemfikisha zahanati kupima presha.

Utafiti umeonyesha nini?

Nchini Marekani, utafiti mkubwa uitwao ACTIVE ulifuatilia wazee 2,832 wa miaka 65 na kuendelea. Wengine walifanya mazoezi ya kumbukumbu, wengine ya kufikiri, na wengine ya kutambua vitu kwa haraka kwenye kompyuta. Baada ya miaka 10, faida ya mazoezi ya kumbukumbu ilikuwa imekwisha. Mazoezi ya kutambua kwa haraka ndiyo yaliyoleta matumaini zaidi, hasa kwa waliorudia mafunzo baadaye. Lakini hayo yalikuwa mafunzo maalumu yenye wasimamizi. Si kila mchezo unaotangazwa kwenye simu uko hivyo.

Matangazo nayo huzidisha. Mwaka 2016, kampuni inayotengeneza mchezo wa Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya Marekani kusema iliwadanganya wateja kwamba mchezo wake unazuia kusahau kwa uzeeni.

Karibu na kwetu kuna mfano mwingine. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wazee 34 wenye ugonjwa wa kusahau (dimensia) walikutana kwa vikundi mara 14 ndani ya wiki 7. Walizungumza, wakacheza, wakakumbushana mambo ya zamani. Kikundi kilikuwa kidogo, lakini uwezo wao wa kufikiri uliongezeka kiasi na wasiwasi ukapungua. Hawakuhitaji simu. Walihitaji watu.

Mambo yenye uzito kuliko mchezo

Mwaka 2024, jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimensia. Yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepushwa au kucheleweshewa ugonjwa. Haya unaweza kuanza nayo:

- Presha na kisukari. Mpeleke apimwe. Akipewa dawa, msaidie azimeze kila siku, hata anapojisikia mzima.
- Masikio na macho. Mzee asiyesikia huacha kuongea na watu. Nta ya masikio na mtoto wa jicho hutibika.
- Mwili. Atembee hadi kwa jirani au shambani. Njia zetu za milimani huteleza wakati wa mvua, kwa hiyo awe na fimbo na mtu wa kumsindikiza.
- Watu. Upweke huumiza ubongo. Asikae peke yake chumbani siku nzima.

Mazoezi ya ubongo ya nyumbani

Mwombe awasimulie watoto habari za Mbegha na Wakilindi, kwa Kisambaa kama ndiyo lugha yake. Acheze bao au drafti. Achambue maharage, ahesabu chenji ya sokoni. Akikosea, usimcheke wala kumfokea. Mpe nafasi amalize mwenyewe.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo kama:

- amechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache. Huenda ni malaria, maambukizi mengine, au sukari kushuka;
- mdomo umekwenda upande, mkono au mguu umeishiwa nguvu, au maneno hayaeleweki. Hizo ni dalili za kiharusi;
- ameanguka na kuumia kichwa.

Kama kusahau kunaongezeka polepole, anapotea njia anayoijua, au tabia imebadilika, usiseme "ni uzee tu". Muone daktari. Wala si uchawi. Ni ugonjwa, na mzee anayeshukiwa uchawi yuko hatarini ndani ya kijiji chake mwenyewe.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na inataka wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Uliza utaratibu katika ofisi ya kijiji au kituo cha afya.

Na wewe unayemtunza, usibebe peke yako. Huyo mjukuu wa Dar es Salaam mwambie apige simu kila Jumapili, aongee na bibi nusu saa. Hilo litamfaa bibi kuliko mchezo.