Glavu Hazichukui Nafasi ya Maji na Sabuni

Katika baadhi ya wodi za Kinondoni na Temeke umeingia mtindo wa kuvaa glavu asubuhi na kuzivua wakati wa chai. Mvaaji hujiona amelindwa. Wagonjwa anaowapitia kitanda kwa kitanda hupokezana vijidudu kupitia kwake. Glavu ni za kugusia damu, majimaji ya mwili na vidonda, jozi moja kwa mgonjwa mmoja. Mikono isafishwe kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua, kwani hutoboka pasipo kuonekana. Kipindupindu kilipozuka Kinondoni Agosti 2015, hakuna aliyepaswa kushika matapishi au kinyesi bila glavu. Lakini kupima presha, au kuchoma sindano ya chanjo kwenye ngozi isiyo na jeraha, hakuzihitaji. Shirika la Afya Duniani limekwisha kulieleza hilo. Kwa hiyo, ndugu mgonjwa, muuguzi anayekugusa kwa mkono mtupu uliooshwa hajakudharau. Kinachonikera mimi ni jozi kuishia kwenye kushikia kalamu na mafaili, kisha mama mjamzito aambiwe aje na zake za kujifungulia.